Mchunga Kamba na Nusu ya Ngoma

Siku yangu ya kwanza kazini nilishindwa na kamba mbele ya wanaume thelathini, na kicheko chao ningali nakisikia. Ilikuwa Bukavu, katika miaka ya hamsini, wakati Wabelgiji wakijenga mbio mbio kama watu wasiofikiri kuondoka. Nilikuwa nimetoka shule ya ufundi ya misheni. Nilikuwa na cheti, na suruali mpya ya kazi ambayo mke wangu aliipiga pasi alfajiri ile, na kiburi cha kuwatosha watu watatu.

Kazi yenyewe ilikuwa kwenye mteremko unaoshuka ziwani, si mbali na mtaa wa Nyawera. Juu palijengwa jumba la ghorofa. Chini, maboti yalishusha mawe na mchanga. Kati ya juu na chini palilazwa reli, mita mia na ishirini hivi, na juu ya reli alipanda na kushuka mnyama wetu mmoja, kigari cha chuma tulichokiita vagoneti. Kilichomvuta ni winchi, ambayo sisi sote tuliiita kwa Kifaransa, treuil. Mimi niliajiriwa kuiendesha.

Ninyi vijana mnaosoma haya huenda hamjawahi kuigusa mashine kama ile, kwa hiyo nitaieleza polepole. Winchi ina injini, gia, breki, na ngoma. Ngoma, tambour kwa Kifaransa, ni pipa la chuma lililolala ubavu, linazunguka na kuikunja kamba ya chuma, ile tuliyoiita kable. Pande zake mbili zimezibwa na sahani nene zinazoizuia kamba isidondoke nje, nasi tuliziita mashavu. Kamba haiendi moja kwa moja kutoka ngoma hadi kwenye kigari. Kwanza inapita juu ya kapi, gurudumu lenye mfereji ukingoni, lililofungwa kwenye miti minene pale mteremko unapoanza. Kapi halisogei. Ngoma nayo haisogei. Kinachosogea ni kamba peke yake, kutoka shavu hadi shavu, mzunguko kwa mzunguko, na hapo ndipo taabu yote ya kazi yetu ilipokaa.

Msimamizi wa kazi alikuwa Mzungu mrefu mwenye uso mwekundu. Wafanyakazi walimwita Bwana Mita, kwa sababu mfukoni mwake hamkukosekana mita ya mbao ya kukunja, na alikinyooshea kila kitu, hata watu. Aliniambia kwamba fundi hashiki breki kabla ya kuijua kamba, basi siku ile nikae na mzee. Mzee huyo alikuwa Papa Mugaruka wa kijiji cha Nyantende, na kazi yake ilikuwa na jina ambalo sikulisikia shuleni. Alikuwa mchunga kamba.

Alisimama kando ya ngoma na fimbo ndefu ya mti mgumu, ile ile aliyochungia ng'ombe wa baba yake. Kamba ilipokuwa ikiingia, aliisukuma kwa ncha ya fimbo ili kila mzunguko ulale ubavuni mwa mwenzake, bila pengo, bila kupandana. Ilipofika shavuni aliigeuza na kuirudisha. Alisema nayo kwa Kimashi, lugha ya kwao, taratibu, kwa sauti ya mtu anayempeleka ng'ombe mtoni. Asingekuwapo yeye, kamba ingejirundika upande mmoja kisha ingeanguka ghafla, na mtikisiko wake ungeshuka hadi kwenye kigari chenye tani ya mawe.

Alinipa fimbo. Mizunguko miwili ya kwanza nilijiona bingwa. Wa tatu ulipanda juu ya wa pili, wa nne ukaruka mbali, na fimbo ikanichomoka mkononi ikaenda kulala chini ya injini. Wanaume thelathini waliacha masepeto yao ili wacheke vizuri. Papa Mugaruka hakucheka. Aliiokota fimbo, akaifuta kwa koti lake, akaendelea na kazi.

Tulifanya kazi pamoja miezi mingi, mimi kwenye breki, yeye kwenye kamba. Nilimpenda. Alikuwa na utani mkavu, na aliniita Shule. Akiona nimechelewa kufunga breki alisema tu kwamba Shule bado anasoma. Kila Jumamosi alipanda kwa miguu hadi Nyantende kwa mke wake na watoto sita, na Jumatatu alirudi kabla ya king'ora.

Kisha ukaja msimu wa mvua. Asubuhi moja kamba ilikuwa imelowa, fimbo ikateleza, na kamba ikaukamata mkono wa koti lake kati ya mzunguko na mzunguko. Sikumsikia akipiga kelele. Niliona tu bega lake likienda mbele ambako halikupaswa kwenda. Nilifunga breki kwa uzito wangu wote. Kigari kilining'inia katikati ya mteremko, wale wa chini wakakimbia, na Papa Mugaruka akauchomoa mkono wake polepole kutoka katika koti lililobaki humo. Aliutazama mkono, akaugeuza, akaniambia niendeshe.

Tuliendesha hadi saa sita. Tulipoketi kula aliniambia, kana kwamba anazungumzia mvua, kuhusu mtu aliyeichunga kamba kabla yake. Yeye Mugaruka alikuwa mbeba mawe wakati huo. Ndiye aliyefungua ngoma kwa spana ili kuutoa mkono wa mtu yule, na haukutoka wote. Miaka tisa sasa alikuwa akisimama pale pale.

Jioni hiyo, kabla ya chakula, nilifungua daftari langu la shule. Frère, yule mtawa wa misheni aliyetufundisha mekanika, alikuwa ametupa somo moja ambalo tulilikariri bila kulijali: pembe ya kamba. Simama penye kapi uitazame ngoma katikati, unapata mstari mnyoofu. Kamba ikiwa katikati ya ngoma inaufuata mstari huo. Ikienda shavuni inauacha, na kiasi inachouacha ndiyo pembe. Kwa ngoma laini isiyo na mifereji, pembe isipite digrii moja na nusu. Ikipita, kamba inasugua kando ya kapi, inakatika nyuzi, na juu ya ngoma haitaki kulala. Tena isiwe chini ya nusu digrii, maana hapo kamba ikifika shavuni haina nguvu ya kugeuka, inajirundika papo hapo.

Hesabu yake haihitaji Mzungu. Chukua nusu ya upana wa ngoma, uzidishe kwa thelathini na nane, utapata umbali unaotakiwa kutoka ngoma hadi kapi ili pembe iwe digrii moja na nusu. Ngoma yetu ilikuwa na sentimita sitini na nne. Nusu yake thelathini na mbili. Mara thelathini na nane ni mita kumi na mbili na kidogo. Sisi ngoma yetu ilikuwa mita nne tu kutoka kwenye kapi, kwa sababu nyuma yake palijengwa stoo ya saruji. Pembe ilipita digrii nne na nusu. Nilirudia mara tatu nikidhani nimekosea. Ndipo nikaelewa kwamba kazi ya mchunga kamba, ile tuliyoistahi hivyo, ilizaliwa na stoo ya saruji.

Nilikwenda kwa Bwana Mita na karatasi yangu. Alinisikiliza akiwa amesimama.

“Wewe iko mutu ya treuil,” alisema. “Hesabu iko kazi ya bureau.”

Alikunja karatasi akaitia mfukoni pamoja na mita yake. Siku mbili zilipita. Ya tatu nilimwona kwa mbali, wakati wa mapumziko, akiwa amepiga magoti nyuma ya ngoma akipima peke yake, na suruali yake nyeupe ndani ya matope. Nilifurahi kuliko siku ya cheti. Mchana aliniita akasema hesabu ni sawa, stoo itahamishwa, winchi itarudishwa nyuma hadi mita kumi na mbili. Kisha akaongeza, akiwa tayari ameanza kuondoka, kwamba yule mzee wa fimbo kazi yake itakwisha.

Sikuwa nimelifikiria hilo hata kidogo. Nilifikiri mkono wake, sikufikiri sufuria ya nyumbani kwake. Umri wake haukuwa wa kupata kazi nyingine mjini, na shamba la Nyantende halikuweza kulisha wanane. Nilizunguka na aibu hiyo siku nzima nikimkwepa. Jioni alinifuata mwenyewe pale nilipokuwa nikinawa mikono.

“Shule, umenipimia kaburi ya kazi yangu,” alisema, na aliona nimeinamisha kichwa. “Sikasirike. Minajua ulipima ju ya kuokoa mukono yangu.”

Winchi ilihamishwa. Tulilaza magogo mapya, tukaisukuma juu ya mabomba, watu ishirini wakiimba. Mimi niliongoza kama jenerali. Nilipima umbali mara nne. Nilivuta uzi kutoka kapi hadi alama ya chaki niliyoiweka mwenyewe katikati ya mashine. Bwana Mita alisimama akitazama, mikono nyuma. Papa Mugaruka aliketi juu ya mfuko wa saruji, fimbo magotini, hana la kufanya.

Tulipojaribu, kamba ilinicheka kuliko wale wanaume thelathini. Ilipokwenda upande wa kushoto ililia kwenye kapi na kuacha mapengo juu ya ngoma. Ilipofika upande wa kulia, penye gia na breki, ilikataa kurudi. Ilijipandia yenyewe mizunguko mitatu, kisha ikaanguka kwa kishindo, na kigari kikaruka nusu mita juu ya reli. Bwana Mita aliniambia kwamba Frère wangu alinifundisha hesabu ya kusali. Akamwita mzee arudi na fimbo yake.

Nisiwafiche: moyoni nilipumua. Niliaibika, lakini Papa Mugaruka alikuwa na kazi tena. Niliwaza kwamba pembe mpya, hata kama ina kasoro, si mbaya kama ile ya zamani. Kasoro hiyo ingeweza kuachwa. Kamba ilikuwa rahisi zaidi kuchungwa, mzee angepata mshahara wake, nami ningejifunza kunyamaza. Siku tatu tulifanya kazi hivyo.

Siku ya nne aliniambia nizime injini. Alikwenda kusimama nyuma ya kapi, akainyoosha fimbo yake mbele ya jicho kama mtu anayelenga ndege, akaniambia nami nitazame. Nilitazama. Fimbo ilipita juu ya kapi, ikaelekea kwenye alama yangu ya chaki. Alama ilikuwa katikati kabisa ya mashine.

“Treuil umeikata katikati,” alisema. “Lakini kable haipande ku treuil. Inapanda ku tambour.”

Hapo nilitamani ardhi inimeze. Upande wa kulia wa ile mashine palikaa gia kubwa na breki. Ngoma ilikaa kushoto. Katikati ya mashine hakukuwa katikati ya ngoma, na tofauti yake, tulipoipima, ilikuwa sentimita ishirini na tatu. Kwa hiyo kapi halikuitazama ngoma katikati. Lilitazama karibu na shavu la kulia. Upande mmoja pembe ilipita digrii mbili na nusu. Upande wa pili haikufika hata nusu digrii, ndiyo maana kamba ilijirundika huko. Hesabu yangu ilikuwa sahihi yote, nami niliianzia mahali pabaya. Nilikata nusu ya kitu kisichohusika.

Nilimuuliza alijua tangu lini. Alisema tangu siku ya kwanza, maana kamba huelekea siku zote pale kapi linapoitazama, na miaka tisa ya kuisukuma imemfundisha kujua kapi linatazama wapi. Nikamuuliza swali lililobaki. Kama nikiisogeza ngoma sentimita hizo, yeye anarudi nyumbani. Kwa nini ananionyesha?

Aliizungusha fimbo mkononi.

“Mimi kable inanijua,” alisema. “Siku moya nitachoka, na watatafuta mutu mwengine wa kushika hii fimbo. Ule haitamujua.”

Mtu akitaka kujua kwa nini nililia mbele ya mashine nikiwa mtu mzima mwenye mke, ndiyo sababu. Sikujaribu kujificha. Alinipa kitambaa chake, chenye mafuta ya mashine, nikajipaka uso mzima.

Nilikwenda kwa Bwana Mita kukiri kosa, nikiamini nitafukuzwa. Aliuliza nani aliyeliona. Nikamtaja Papa Mugaruka. Alikunja mita yake, akaikunjua, akaikunja tena. Kisha akatoa amri winchi isogezwe. Nilipata ujasiri nikamwomba amwache mzee abaki, awe mkaguzi wa kamba, aitazame nyuzi zilizokatika na kuipaka grisi, kazi ambayo winchi yoyote inaihitaji. Alisema chantier, yaani mahali pa ujenzi, si misheni. Nilimchukia kwa jibu hilo, na sehemu ndogo ya chuki hiyo ningali nayo.

Tulisogeza sentimita ishirini na tatu. Nikawasha injini. Kamba iliingia, ikalala, mzunguko ubavuni mwa mzunguko, ikafika shavuni, ikageuka yenyewe, ikarudi. Hakuna mkono uliokuwa karibu nayo. Papa Mugaruka alisimama hatua tano nyuma na kuitazama safari nzima, hadi kigari kilipofika juu. Alitikisa kichwa kama mzazi anayemwona mtoto akitembea. Jumamosi aliaga wote kwa mkono, akashika njia ya Nyantende.

Wiki chache baadaye, Jumapili baada ya misa, nilimfuata na mke wangu. Nilihofia kumkuta amenuna. Tulimkuta migombani, amekunja suruali, anacheka na majirani. Alitupokea kwa kasiksi, pombe ya ndizi, na kabla sijaketi aliniuliza kama kamba haijambo. Nilimwambia haijambo. Mke wake alisema kwamba sasa wanakula maharagwe zaidi kuliko samaki, lakini yeye mwenyewe sasa analala, maana miaka yote ile kila Jumatatu mumewe akirudi kazini hakuwa akilala. Sikujua kwamba hata yeye alikuwa akiihesabu kamba ile. Nilianza kwenda mara kwa mara, na sikwenda mikono mitupu.

Jumba lilipokwisha nilipelekwa Mwenga, kwenye mgodi wa dhahabu, kwa mkuu tuliyemwita Ingénieur tu. Winchi ya huko ilishusha watu kwenye shimo, si mawe, na nilipoiona mara ya kwanza nilipima kabla ya kusalimia. Ingénieur alikuwa mpole, msikivu. Aliniuliza nani alinifundisha kutafuta nusu ya ngoma kwanza na umbali baadaye. Nilimwambia ni mchungaji wa ng'ombe. Alicheka, nikamwacha acheke. Uhuru ulikuja, wakuu wakabadilika, rangi zao zikabadilika pia, na kila mmoja alinikuta pale pale na kipande changu cha chaki. Niliishia kuwa mkuu wa winchi zote za mgodi. Miaka yote hiyo hakuna mtu aliyepoteza mkono kwenye ngoma niliyoiweka mimi, na hilo nalisema kwa majivuno, msinisamehe.

Vijana wangu wa kazi niliwapa mtihani mmoja. Niliwapa chaki nikawaambia waweke alama katikati. Karibu wote waliiweka katikati ya mashine, kama mimi, na wenye vyeti ndio waliokuwa wepesi zaidi. Sikuwakemea. Niliwatuma wakae na mtu aliyeigusa kamba kwa muda mrefu kuliko wao, wamsikilize hata kama hajui digrii ni nini.

Sasa nimestaafu, naishi Bukavu, na magoti yangu hayataki tena mteremko. Nimeridhika. Nilipata kazi niliyoipenda, nikaijua, nikaiacha ikiwa salama. Likiwapo linalonisumbua ni kwamba nilipewa barua ya sifa kwa kuhamisha winchi ile ya kwanza, yenye muhuri na sahihi, na ndani yake limeandikwa jina langu peke yake.

Papa Mugaruka aliishi hadi akawaona wajukuu wa wajukuu. Siku ya msiba nilipandishwa Nyantende kwa gari la jirani. Walikuwa wamemvisha koti jeusi na kumkunjia mikono kifuani, rozari imepitishwa kati ya vidole. Watu walikuwa wengi nyuma yangu, wakingoja zamu ya kuaga, na mwanawe mkubwa akanigusa bega.

“Papa, unatafuta nini?” aliniuliza.

Nilimwambia natazama mikono ya baba yake. Vidole vilikuwa vyote kumi.